Moto ukibisha hodi, nani atambeba nyanya?

Tuseme ni Jumapili kama leo. Chai iko mezani na watoto bado wamejifunika blanketi. Mara mlango unagongwa kwa kishindo. Jirani yako anakuambia kwamba una dakika kumi za kutoka nje, na kwamba huenda usirudi tena katika nyumba hiyo. Je, utabeba nini? Na utaanza na nani?

Usicheke. Mnamo Novemba 8, 2018, siku ya Alhamisi, wakazi wa mji mdogo uitwao Paradise katika jimbo la California, nchini Marekani, waliulizwa swali hilo kabla hawajamaliza staftahi. Wengine hawakuulizwa na mtu yeyote. Waliona tu mbingu ya saa mbili asubuhi imekuwa nyeusi kama usiku wa manane. Jua lilipotua siku hiyo, sehemu kubwa ya mji wao ilikuwa jivu.

Jina la mji huo maana yake ni peponi. Uko juu ya mgongo wa kilima, katikati ya misonobari mirefu, na kabla ya mkasa huo ulikuwa na watu wapatao 26,000. Miongoni mwao walikuwamo wastaafu wengi waliofuata hewa safi na nyumba za bei nafuu. Kwa ufupi, ni mji ambao mwalimu mstaafu wa hapa kwetu angeupenda.

Moto wenyewe ulianzia mbali kidogo na mji, mwendo wa saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Kulabu ya chuma iliyoshikilia waya wa umeme juu ya mlingoti wa kale ilikatika. Kulabu hiyo ilikuwa imelika polepole kwa karibu miaka mia moja. Cheche zikaanguka kwenye majani makavu. Mvua ya maana haikuwa imenyesha kwa zaidi ya siku 200, na asubuhi hiyo upepo mkavu ulikuwa ukiteremka kwa nguvu kutoka milimani. Juni 2020 kampuni ya umeme, PG&E, ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Ilitozwa faini. Hakuna aliyefungwa.

Wengi wetu hudhani kwamba moto wa msituni huja kama ukuta wa ndimi, ukitambaa, nawe ukapata nafasi ya kuutazama na kupanga. La hasha. Upepo ulibeba makaa mekundu na maganda ya miti yanayowaka, ukayatupa mbele kabisa ya moto wenyewe. Yakaangukia mapaa, mifereji ya maji ya mvua iliyojaa majani, na veranda za mbao. Mji ukawaka katika sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana zilionekana baadaye nyumba zilizoteketea hadi msingi, ilhali miti iliyo kando yake ilibaki na majani mabichi.

Mpango mzuri, barabara nyembamba

Usifikiri kwamba watu wa Paradise walikuwa wazembe. Mwaka 2008 walikuwa wameonja mioto mingine, wakakwama barabarani, wakajifunza. Waliugawa mji katika kanda na kupanga kwamba moto ukija, kanda moja itatoka kwanza, kisha nyingine, ili magari yasisongamane. Waliwahi hata kufanya mazoezi. Ni miji michache mno duniani inayoweza kujisifu hivyo, na yetu haimo.

Lakini mpango huo ulidhania kwamba moto utaheshimu foleni. Siku hiyo kanda zote zilitakiwa kuondoka pamoja. Barabara za kutoka zilikuwa chache, kubwa yao ikiwa ile iitwayo Skyway, na kwa muda mfupi zilijaa magari kuliko barabara ya Jogoo jioni ya mvua. Safari ya nusu saa ikawa ya saa nyingi. Matairi yaliyeyuka. Watu waliacha magari wakakimbia kwa miguu. Wengine waliokoka kwa sababu wazimamoto waliwakusanya katika maegesho mapana ya magari, penye lami tupu na mbali na miti, wakawaambia watulie hapo mpaka moto upite. Hilo lishike akilini: ukikosa njia ya kukimbilia, pahali pa wazi pasipo na kitu cha kuungua ni bora kuliko gari lililokwama kichakani.

Na ujumbe wa kuonya je? Mfumo wa kupiga simu ulikuwepo, lakini ulimtaka mtu ajiandikishe kwanza, na wengi hawakuwa wamejiandikisha. Aidha, minara na nyaya za simu ziliungua. Kwa hivyo watu wengi waliokolewa na kitu cha kizamani kabisa, yaani jirani aliyegonga mlango.

Sasa tufike penye uchungu. Waliokufa walikuwa 85. Walio wengi walikuwa wazee waliopita umri wa miaka 65. Baadhi walikutwa magarini, lakini wengi walikutwa nyumbani kwao au hatua chache tu kutoka mlangoni. Walikuwa watu wasioendesha gari tena, wasiosikia vizuri, wanaotembea kwa mkongojo au wanaotegemea mashine ya kuwasaidia kupumua. Vijana wao walikuwa wakiishi miji mingine. Jirani alidhani wameshachukuliwa, na aliyepaswa kuwachukua alizuiwa na polisi chini ya kilima.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kubwa kuliko yote ya Paradise, na ndilo tunalolipita haraka tunaposoma habari za moto. Tunahesabu nyumba. Hatuulizi nani alikuwa na jukumu la kumbeba nyanya. Kila mtu akiwa na jukumu hilo, basi hakuna mwenye nalo. Lazima awe mtu mmoja mwenye jina, na awepo wa pili kama wa kwanza yuko kazini.

Kuna watoto waliopata mtu kama huyo. Katika shule ya msingi ya Ponderosa, wanafunzi 22 walikuwa bado hawajachukuliwa na wazazi wao. Dereva wa basi la shule, aliyekuwa kazini kwa miezi michache tu, aliwapakia pamoja na walimu wawili wa kike. Walimu waliandika majina ya watoto wote kwenye karatasi, kisha wakawaketisha wakubwa pamoja na wadogo ili kila mmoja awe na wa kumtazama. Moshi ulipoingia ndani, dereva alivua shati lake. Walilichana vipande vipande, wakavilowesha kwa chupa ya maji waliyokuwa nayo, na kila mtoto akapewa kipande cha kufunika pua na mdomo. Safari hiyo ilichukua karibu saa tano. Wote 22 walifika.

Hapa kwetu je?

Pengine unajiambia kwamba mambo hayo ni ya Wazungu na misonobari yao. Ni kweli kwamba moto wa nyika nchini Kenya kwa kawaida huchoma milima na hifadhi, kama ule wa Mlima Kenya mwezi Machi 2012, na si mara nyingi unamfukuza mtu wa Buru Buru. Lakini mwaka huo huo wa Paradise, mwezi Juni, moto wa usiku katika soko la Gikomba uliua watu 15. Mtu anayeishi Mukuru, Kibra au Mathare anajua vyema jinsi moto wa mabati na mbao unavyoruka kutoka chumba hadi chumba. Ukiuondoa msitu, mambo ni yale yale: upepo, njia nyembamba, watu wengi kwa wakati mmoja, na gari la zimamoto linaloshindwa kupita. (Na sisi tuna ugonjwa wetu wa ziada. Badala ya kuukimbia moto tunaukimbilia kwenda kuutazama, tukaziba hata ile njia moja iliyobaki.)

Kuna jambo ambalo watu wa Paradise hawakuwa nalo na sisi tunalo tele, nalo ni kufuli. Katika ploti nyingi za mjini madirisha yana vyuma, mlango una komeo la nje, na mama akienda kazini alfajiri huwafungia watoto ndani ili wasipotee au wasiibwe. Namwelewa mama huyo. Lakini Machi 2001, katika shule ya upili ya Kyanguli wilayani Machakos, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Ikiwa ni lazima ufunge, basi ufunguo wa pili uwe kwa jirani unayemwamini, anayeshinda nyumbani. Usiku nao, ufunguo wa mlango usitembee. Uning'inie msumarini, pahali pamoja, ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuufikia gizani.

Nanyi wanafunzi wa bweni, mnapofika shuleni muhula unapoanza, tembeeni kutoka kitandani hadi mlangoni mara moja mkiwa mmefumba macho. Wenzenu watawacheka. Waacheni wacheke.

Ukikimbia, funga milango nyuma yako bila kuitia kufuli, maana mlango uliofungwa huchelewesha moto. Moshi ukiwa mwingi, inama chini, kwa kuwa hewa safi huwa karibu na sakafu. Vaa nguo za pamba au sufu kama unazo, wala si nailoni, ambayo huyeyuka ikashika ngozi. Waliokimbia Paradise na malapa walijuta. Viatu vilivyofungwa viwe chini ya kitanda. Na ukishatoka, umetoka. Usirudi kuchukua televisheni.

Baada ya moto

Magazeti mengi huishia hapo, moto unapozimwa. Ule wa Paradise ulidhibitiwa kabisa Novemba 25, mvua iliponyesha. Nyumba, maduka na majengo mengine 18,804 yalikuwa yameteketea, karibu 14,000 kati yake yakiwa makao ya watu. Watu wapatao 50,000 walikuwa wamehama kutoka Paradise na vijiji jirani. Basi jiulize: watu 50,000 wanalala wapi?

Waliobahatika walikwenda kwa jamaa. Wengine walijaa makanisani na katika kumbi, ambako ugonjwa wa kutapika na kuharisha ulizuka kwa sababu ya msongamano. Mamia walipiga hema katika uwanja wa kuegesha magari wa duka moja kubwa katika mji wa Chico, chini ya kilima. Mvua ile ile iliyozima moto ikafurika ndani ya hema zao. Kodi za nyumba mjini Chico zikapanda, na nyumba zilizokuwa zikiuzwa zikanunuliwa kwa siku chache. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba, awe wa Chico au wa Umoja.

Kisha ikaja shida ya karatasi. Mtu aliyekimbia na ufunguo wa gari pekee hana kitambulisho, hana cheti cha kuzaliwa, hana hati ya nyumba, hana hata namba ya bima. Serikali ililazimika kuzikusanya ofisi zake chini ya paa moja huko Chico ili watu wapate stakabadhi mpya bila kuzunguka. Sisi tunajua kuzunguka ni nini. Hapa kwetu kitambulisho kikiungua unaanza na taarifa ya polisi ndipo uende kwa ofisi ya usajili. Hati ya shamba ikipotea, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la serikali na husubiriwa siku 60 kabla ya kutolewa nyingine. Cheti cha mtihani nacho kina safari yake na ada yake katika Baraza la Mitihani. Anayetafuta kazi mwezi huo, atasubiri.

Kwa hivyo tenga alasiri moja. Kusanya vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, kadi za kliniki za watoto, hati ya kiwanja na stakabadhi za bima, uviweke pamoja katika mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, karibu na mlango. Vipige picha kwa simu na umtumie ndugu yako aliye mbali, maana simu nayo huungua. Halafu piga picha za vyumba vyako, kimoja kimoja, kabati likiwa wazi. Watu wengi wa Paradise waliulizwa na kampuni za bima waorodheshe kila kijiko na kila shuka waliyokuwa nayo, huku bado hawalali usiku. Tena wengi waligundua kwamba bima waliyolipia miaka nenda miaka rudi haitoshi kujenga nyumba ile ile upya. Soma karatasi zako kabla ya msiba.

Ongeza katika mfuko huo dawa za mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari, za siku kadhaa, na miwani ya zamani ya nyanya. Na mtoto wako ajue namba moja ya simu kwa kichwa, kama tulivyokuwa tukikariri majedwali ya kuzidisha. Namba za dharura 999 na 112 pia azijue.

Maji yaliyoonekana safi

Jambo lililowashangaza wengi ni maji. Mabomba ya chini ya ardhi hayakuungua, lakini baada ya moto yalipatikana na sumu ya benzini, kemikali ambayo imo pia katika petroli na inaweza kuleta saratani ya damu. Wataalamu wanaeleza kwamba mabomba ya plastiki yalipopata joto kali, na shinikizo la maji lilipoisha, mabomba yalifyonza moshi na sumu. Wenye nyumba zilizosalia waliishi kwa maji ya chupa na matangi kwa muda mrefu. Sisi tumelelewa kuamini kwamba maji yakichemka yamepona. Kuchemsha huua vijidudu. Benzini hakukuondolei; mvuke wake unakuingia puani jikoni.

Jivu nalo si jivu la kuni. Nyumba ya siku hizi ikiungua, huungua pamoja na rangi, betri, plastiki, nyaya na dawa za kuua wadudu. Huko Paradise vifusi viliondolewa na mafundi waliovaa mavazi rasmi, mamilioni ya tani, kazi iliyochukua karibu mwaka mzima. Ukirudi kwenye mabaki ya nyumba yako, usifagie jivu likiwa kavu. Linyunyizie maji kwanza, funika pua na mdomo vyema, vaa glavu na viatu vigumu, na uwaache watoto kwa shangazi yao. Mtoto akitaka mwanasesere wake aliyebaki, muoshe wewe kwanza.

Watoto hao hao, tena, usiwaambie wasahau. Mtoto aliyekimbia moto anaweza kuogopa upepo, kukojoa kitandani ingawa ameshaacha, au kukataa kulala bila viatu. Si utundu. Muache asimulie, hata mara ya kumi. Mrudishe shule mapema iwezekanavyo, hata kama shule yenyewe ni ukumbi wa kuazima. Na wewe mzazi unayejikuta unafoka ovyo au huna hamu ya kula, nawe umeungua kwa namna yako. Baba wengi huona aibu kusema hivyo, wakaenda kusema na chupa.

Pesa zilikuja polepole. PG&E iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2019, na hazina ya dola bilioni 13.5 ikakubaliwa kwa ajili ya waathiriwa wa moto huo na mingine. Nusu yake ilikuwa hisa za kampuni ile ile iliyowachoma. Watu walingoja miaka. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi 4,764 tu mjini Paradise. Tangu hapo wamekuwa wakirejea kidogo kidogo, wakijenga nyumba za kuta na mapaa yasiyoshika moto upesi, wakikata miti iliyo karibu na madirisha. Mji umesimamisha ving'ora virefu vinavyosikika hata simu zikizimika.

Wanafunzi wa shule ya upili walimaliza mwaka wao wa masomo mjini Chico, katika majengo ya kuazima. Lakini shule yao yenyewe ilikuwa miongoni mwa majengo yaliyonusurika. Juni 2019, miezi saba baada ya moto, watahiniwa wa mwaka huo walipanda kilima na majoho yao, wakapita viwanja vilivyobaki na mabomba ya moshi peke yake, wakapokea vyeti katika uwanja wao wenyewe. Jioni hiyo wengi waliteremka tena, kila mmoja akaenda alikopanga.